Maji ya baridi kwenye baiskeli siku ya triathloni: tunayapoteza kabla hatujapanda

#1 MkongeVipingo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Naleta jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, lakini limeniharibia mashindano kuliko tairi zote zilizowahi kunipasukia, nalo ni namna ya kukifanya kinywaji kibaki baridi juu ya baiskeli wakati wa triathloni, hasa kwa sisi tunaoshindana katika joto la pwani. Ninazungumzia nusu umbali, yaani kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na mbio kilomita 21.1, kwa kuwa huo ndio umbali ninaoufahamu. Wenye uzoefu wa kilomita 180 za baiskeli watatuongezea.

Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imekolea, niliingia mashindanoni na chupa mbili za mililita 750 nilizozitoa kwenye jokofu saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja na nusu nikazipachika kwenye baiskeli, saa kumi na mbili eneo la kubadilishia, pale baiskeli zinapotusubiri tutoke majini, likafungwa, na nusu saa baadaye tukaingia baharini. Mimi si mwogeleaji wa kusifiwa, kwa hiyo nilitoka majini baada ya dakika 43, nikavaa kofia, nikapanda. Nilipofyonza chupa ya kwanza nikakuta maji yana joto la bahari niliyotoka kuiogelea. Kufika kilomita ya 50, chupa ya pili ilikuwa kama chai iliyosahauliwa mezani. Kwa saa tatu za kuendesha nilikunywa chupa moja na robo tu, si kwa sababu sikuwa na kiu, bali kwa sababu kila funda lilinichefua. Mbio zile niliziishia kwa kutembea, na aliyenipita mwishoni alikuwa mzee mmoja aliyenipa pole kwa adabu kubwa, jambo lililoniuma zaidi kuliko miguu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na kipimajoto cha jikoni, nacho kimenifundisha kwamba nilikuwa nikilaumu chupa ilhali kosa lilikuwa la ratiba. Tazameni muda ulivyokwenda. Kuanzia jokofu hadi funda la kwanza barabarani zilipita saa tatu na zaidi, na katika muda wote huo chupa ilikuwa imekaa tu nje ya jokofu, mwanzo gizani na baadaye juani. Ningaliweza kununua chupa ya bei gani isiyoshindwa na saa tatu za namna hiyo?

Hesabu yenyewe ni hii. Lita moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Basi mililita 750 zilizotoka kwenye jokofu zikiwa na nyuzi 5 huhitaji kilojuli 78 hivi kufikia nyuzi 30. Hicho si kiasi kikubwa, na chupa ya plastiki ya kawaida, ambayo ukuta wake una unene wa milimita moja hivi, hukipokea upesi ikishapigwa na upepo wa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Upepo ule ule unaotupoza sisi kwa kukausha jasho ndio unaoipasha chupa moto, kwa kuwa chupa haitoi jasho. Katika majaribio yangu ya barabara ya Mtwapa kwenda Kilifi, chupa ya namna hiyo huwa imevuka nyuzi 20 kabla sijafika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo.

Barafu ina hesabu nyingine kabisa. Chukua nusu ya chupa hiyo hiyo, gramu 375, uigandishe kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu hiyo itameza takriban kilojuli 14 ili ifike sifuri, kisha kilojuli 125 kwa ajili ya kuyeyuka tu, kabla maji yake hayajapanda hata nyuzi moja. Ukijumlisha na maji ya jokofu uliyojazia juu yake, chupa iliyogandishwa nusu huhitaji kilojuli 225 hivi ili ifikie nyuzi 30. Hizo ni karibu mara tatu ya chupa ya maji matupu, na uzito haukuongezeka hata gramu moja.

Kwa hiyo sasa ninafanya hivi. Usiku wa kuamkia mashindano najaza chupa hadi nusu, naifunga vizuri, naikamua kidogo itoe hewa, kisha nailaza ubavu kwenye friza ili barafu ishike upande mmoja na kuacha njia ya maji hadi kwenye mdomo. Asubuhi naongeza maji ya jokofu. Chupa zinasafiri ndani ya deli lililojaa barafu, na hapo ndipo penye badiliko kubwa kuliko yote: siziweki kwenye baiskeli alfajiri. Naziacha ndani ya mfuko mdogo wenye kuta nene, ule wa kubebea chakula cha mchana cha mtoto wa shule, pembeni mwa viatu vyangu, nikiwa nimeufunika kwa taulo nyeupe. Nikitoka majini nazichomoa na kuzipachika. Hilo hunigharimu sekunde kumi, na sekunde kumi ndani ya saa sita sizihesabu kuwa gharama.

Ningependa kusikia wengine mnafanyaje, na hasa nikosoeni pale nilipokosea.

#2 Shoka_la_Bodi

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo marefu. Mimi swali langu ni fupi. Je, baridi ya maji ina faida ya kweli mwilini, au ni starehe ya ulimi tu? Nauliza kwa sababu marehemu bibi yangu alitukataza kabisa kunywa maji ya baridi tukiwa na jasho, akisema yanaleta homa ya kifua, na mpaka leo nikishika chupa ya barafu baada ya mazoezi nahisi ananitazama.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Ndugu Shoka, bibi yako alikuwa na nia njema, lakini homa ya kifua huletwa na vijidudu, wala si na maji ya jokofu. Ama kuhusu faida, jibu lina pande mbili, na upande wa pili ndio watu wengi huukosa.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti ambamo wanaume 8 waliendesha baiskeli ya maabara katika hewa ya nyuzi 34 mpaka wakashindwa kuendelea. Kila mmoja alifanya jaribio hilo zaidi ya mara moja: mara akinywa kinywaji cha nyuzi 4, mara akinywa cha nyuzi 19, na kiasi cha kunywa aliachiwa mwenyewe. Walipokunywa cha baridi walidumu wastani wa dakika 62, na walipokunywa kile kingine walidumu dakika 55. Lakini angalieni na jambo hili: kinywaji cha baridi walikunywa lita 1.3 kwa saa, na kisicho baridi lita 1.0 kwa saa. Na hizo nyuzi 19, ambazo maabara iliziita joto la kulinganishia, kwetu pwani ni maji mazuri kabisa. Yale ya mwanzisha uzi yalikuwa karibu na 30.

Sasa upande wa pili. Watu hudhani maji ya baridi yanaupoza mwili kama maji yanavyopoza injini ya gari. Tupige hesabu. Ukinywa mililita 600 za maji ya nyuzi 4, mwili wako wa nyuzi 37 utatumia kilojuli 83 hivi kuyapasha. Kiasi hicho hicho cha joto huondolewa na gramu 34 tu za jasho zikikauka juu ya ngozi. Vijiko viwili vikubwa na ushei! Tena mwili una vihisi vya baridi tumboni ambavyo, vikiguswa na maji ya baridi, hupunguza utoaji wa jasho. Kwa hiyo mahali pakavu, ambapo jasho lote hukauka, unachokipata kwa mkono mmoja unakipoteza kwa mwingine. Katika pwani yenye unyevunyevu hali ni tofauti kidogo, maana jasho linalodondoka chini bila kukauka halijakupoza kwa lolote, na kulipunguza si hasara.

Kwa ufupi, ndugu yangu, faida kubwa ya baridi ni kwamba inakufanya unywe. Starehe ya ulimi uliyoitaja kwa dharau ndiyo dawa yenyewe.

Naongeza tahadhari moja. Kunywa kusizidi kiu na jasho. Anayemeza maji matupu kwa wingi saa baada ya saa bila chumvi anaweza kuishusha sodiamu ya damu hadi kiwango cha hatari, na maji yanaponoga kwa baridi ni rahisi kujisahau.

#4 Unguja_Maskati

Nawasalimu kutoka Oman. Mimi ni mzaliwa wa Maskati ila nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili cha Unguja, kwa hiyo msinishangae.

Nimestaajabu kwamba hakuna aliyeutaja mtungi. Wazee wetu Unguja walipoza maji bila umeme, na huku Oman kuna jahla, mtungi wa udongo unaotundikwa penye upepo, ambao maji yake hupenya taratibu kwenye udongo na kukauka kwa nje. Maji yakikauka huondoka na joto, na joto linalochukuliwa na gramu moja inayokauka ni karibu mara saba ya lile linalochukuliwa na gramu moja ya barafu inayoyeyuka. Baiskeli inakupa upepo wa bure kwa saa tatu, basi kwa nini tusiutumie?

Ninachofanya nikienda mazoezini upande wa bara, kwenye barabara ya kwenda Nizwa, ni kuivalisha chupa soksi ndefu ya pamba iliyoloweshwa. Kila nusu saa nailowesha tena kwa kuikamulia maji kidogo kutoka chupa nyingine. Chupa yangu ya kawaida, iliyoanza na maji yasiyo baridi sana, hukaa vizuri katika hewa ya nyuzi 35 na zaidi. Rafiki zangu walinicheka hadi siku walipoomba funda.

#5 MkongeVipingo (mwanzisha uzi)

Ndugu Unguja_Maskati, soksi niliijaribu, tena soksi mpya kabisa, isije ikadhaniwa kwamba nilitumia ya kuchezea mpira. Kwako inafanya kazi, kwangu haifanyi. Soksi iliyoloweshwa haiwezi kushuka chini ya kiwango kinachowekwa na ukavu wa hewa. Katika hewa ya nyuzi 35 yenye unyevunyevu wa asilimia 20, kama huko kwenu bara, kiwango hicho ni nyuzi 19 hivi, na hayo ni maji ya mtungi hasa. Mombasa asubuhi ya nyuzi 32 na unyevunyevu wa asilimia 75, kiwango ni nyuzi 28. Ubaya zaidi ni kwamba ukianza na chupa ya nyuzi 5, soksi hiyo iliyolowa itaipasha moto, kwa sababu mvuke wa hewani utaanza kutona juu yake kama unavyotona juu ya bilauri ya sharubati. Kwa hewa ya pwani yetu, soksi kavu na nene ni afadhali kuliko iliyolowa.

Mwalimu, hesabu yako ya gramu 34 imenitoa usingizini. Nakubali kwamba shabaha ni kunywa.

#6 Dada_wa_Kigamboni

Kaka MkongeVipingo na wengine, nawashukuru. Mimi ni mgeni katika mchezo huu, nimeshiriki mara mbili tu umbali mfupi wa kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10, nami nataka kusema kitu kwa niaba ya sisi ambao hatuna fedha za chupa za kuta mbili kutoka ng'ambo.

Nyumbani kwetu friza ni ya jirani anayeuza barafu za ubuyu, kwa hiyo naomba nafasi ya chupa mbili usiku mmoja. Chupa za maji ya dukani za nusu lita nazigandisha zikiwa zimejaa robo tatu, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Hizo ndizo barafu zangu za kwenye deli, na zikiyeyuka baada ya mashindano nazinywa, hakuna kinachomwagika bure. Barafu ya soko la samaki la Feri ni rahisi kupatikana, lakini hiyo naitumia kwa nje ya chupa tu, na chupa naziosha midomo kabla ya kuzitumia. Atakayeitia ndani ya kinywaji asilaumu mashindano kwa yatakayomkuta.

Kwa umbali wangu naona hamhitaji hata kuumiza vichwa. Kilomita 40 huisha ndani ya saa moja na nusu hata kwa mwendo wangu wa pole, na chupa moja iliyogandishwa nusu hunifikisha mwisho ikiwa bado na vipande.

Sasa swali. Mara ya pili niligandisha juisi ya ukwaju yenye sukari na chumvi kidogo. Mafunda ya kwanza yalikuwa makali kama dawa ya kikohozi, na ya mwisho yalikuwa maji matupu. Ni nini kilitokea? Tena, je, madafu yanafaa?

#7 Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu wa Kigamboni, ulichokiona ni kanuni ya kuganda. Maji yanapoganda huisukuma sukari pembeni, na asubuhi barafu inapoanza kulainika, sehemu yenye sukari nyingi ndiyo inayoyeyuka mwanzo. Ukainywa sukari yote kilomita za kwanza, ukabakiwa na barafu isiyo na kitu. Basi gandisha maji matupu, na juisi au unga wa nishati uutie asubuhi kwenye yale maji ya kujazia. Kila barafu inavyoyeyuka kinywaji kitapungua ukali, jambo ambalo kwa watu wengi ni afadhali, kwa sababu tumbo huchoka na utamu kadiri saa zinavyokwenda.

Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho letu hupoteza sodiamu zaidi. Robo kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja itakupa miligramu 600 hivi za sodiamu. Pia yanywe siku hiyo hiyo yalipopasuliwa, maana dafu lililokaa kwenye joto huchacha, na kuchacha kwake hutaligundua kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa mpaka umeshameza.

#8 Njia_ya_Hawi

Kwa kuwa mwanzisha uzi ameomba uzoefu wa umbali kamili, nami naishi Ujerumani ambako tatizo letu ni kinyume cha lenu, nitaeleza nilichokiona mara moja nilipopata bahati ya kushiriki mashindano ya dunia ya Ironman, yaani triathloni ya umbali kamili, kule Kona, Hawaii.

Baiskeli pale hupita barabara kuu ya Queen Kaahumanu, katikati ya mawe meusi ya volkano, mpaka kijiji cha Hawi ambako mnageuka na kurudi. Mawe yale hunywa jua na kulirudisha usoni mwako. Kilomita 180 kwangu ni zaidi ya saa tano na nusu, na hakuna chupa ya plastiki itakayohifadhi baridi ya alfajiri kwa muda huo, hata iwe na kuta mbili. Huko niligundua kwamba kwa umbali mrefu chupa isichukuliwe kuwa ghala la maji baridi. Ichukuliwe kuwa ghala la barafu.

Nieleze. Nilikuwa na chupa moja ya kuta mbili iliyogandishwa robo tatu, nikaipachika kwenye mrija wa chini wa fremu, mahali ambapo miguu huikinga na jua. Kila nilipopita kituo cha maji nilipokea chupa yao, nikamimina sehemu juu ya barafu yangu, nyingine kichwani na shingoni, na chupa tupu nikaitupa kabla ya mwisho wa eneo la taka. Maji ya kituoni wakati mwingine huwa baridi na wakati mwingine si baridi, hutegemea umefika na kundi gani, lakini dakika tano ndani ya barafu yangu yalikuwa yananyweka. Barafu ile ilidumu hadi mbele kidogo ya Hawi.

Wanga wangu wote, ile gramu 80 kwa saa, ulikuwa kwenye chupa ya pili, mzito kama asali, bila baridi yoyote. Mafunda mawili kila robo saa, kisha maji baridi juu yake. Naona wengi humu wanahangaika kupoza kila kitu walichonacho. Kinachomezwa kwa mafunda mawili hakihitaji kupozwa.

Pia umbali kamili una mfuko wa mahitaji binafsi unaoupokea katikati ya njia ya baiskeli. Watu huweka humo chupa iliyoganda yote. Hilo ni sahihi, kwa kuwa chupa hiyo itakusubiri saa nyingi juani. Ifungeni kwa magazeti mengi kisha kwa karatasi ya alumini, na msitarajie kuiona tena baada ya hapo, maana mifuko hiyo mara nyingi hairudishwi.

Chupa za chuma zenye ombwe katikati ya kuta zinashinda zote kwa kuhifadhi baridi, lakini hazikamuliki, hugongagonga kwenye kishikio, na ikidondoka barabarani humwangusha aliye nyuma yako. Ziacheni ndani ya deli.

#9 Filimbi_ya_Mwamuzi

Naingia kwa jambo la kanuni, kwa kuwa huwa ninajitolea kama mwamuzi msaidizi na nimeona watu wakipoteza siku yao kwa sababu ya maji.

Jamaa yako hawezi kusimama kilomita ya 60 akakupa chupa ya barafu. Huo ni msaada wa nje, na adhabu yake inaweza kufikia kuondolewa, hata kama anayekupa ni mama mzazi na hata kama ni maji tu. Vyombo vya kioo haviruhusiwi kabisa. Chupa tupu hutupwa ndani ya eneo lililowekewa alama tu. Nimewahi kumwona mshindani akitupa kwa hasira chupa ambayo mdomo wake uliziba kwa barafu, mita mia mbili baada ya alama, na hasira hiyo ikamgharimu muda kwenye hema la adhabu.

Kuhusu mfuko mdogo wa mwanzisha uzi, mashindano mengi huruhusu vitu vyako vya siku kukaa pembeni mwa baiskeli mradi visizibe njia ya wengine. Lakini yapo mashindano, hasa makubwa, ambayo hayaruhusu kitu chochote chini, na kila kitu hukaa kwenye mfuko uliotundikwa kwenye rafu. Hapo muulize mwandaaji kama utaweza kuufikia mfuko huo asubuhi ya mashindano, kwa kuwa hukabidhiwa siku moja kabla. Ukiruhusiwa, chupa iliyofungwa kwa taulo itaingia humo bila shida.

#10 Shoka_la_Bodi

Huyo aliyetupa chupa iliyoziba nina hakika sikuwa mimi, lakini ningeweza kuwa. Jumamosi nilifuata maelezo ya uzi huu, nikailaza chupa ubavu kama nilivyoelekezwa, ila mdomo ukawa upande wa chini. Barafu ikashika hapo hapo. Nilikwenda kilomita 25 nikiikamua chupa kama mtu anayekamua ng'ombe asiye na maziwa.

#11 Unguja_Maskati

Pole sana, ndugu. Inua mdomo kidogo kwa kuweka kitu chini yake ndani ya friza, hata kijiko kinatosha.

Na kwa wale watakaoshiriki huko juu kwenye ziwa Kivu, mji wa Rubavu nchini Rwanda, ambako nusu umbali wa Ironman ulifanyika mara ya kwanza mwezi wa Agosti 2022, msibebe taabu hii yote. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wasiwasi wenu huko uwe vilima.

#12 MkongeVipingo (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nimerudi. Jana nilifanya jaribio kamili, nikiwa nimechanganya mawaidha yenu, kutoka Mtwapa hadi Kilifi na kurudi, takriban kilomita 80.

Chupa ya wanga mzito niliiacha bila kuipoza, kama alivyoshauri Njia_ya_Hawi, nikaipachika nyuma ya siti. Chupa ya kuta mbili iliyogandishwa nusu ikakaa kwenye mrija wa chini, nayo sikuipachika mpaka zilipopita saa mbili na nusu tangu niitoe kwenye friza. Muda huo wote ilikaa ndani ya mfuko wa chakula ukiwa juani uani kwangu, ili kuiga eneo la kubadilishia. Nilipoanza kuendesha ilikuwa na nyuzi 1. Nilipofika daraja la Kilifi bado nilisikia vipande vikigonga ukuta wa chupa, na kipimajoto kikasoma nyuzi 4. Hapo nikanunua chupa ya maji kwa muuzaji wa kando ya barabara, maji ya vuguvugu kabisa, nikayamimina juu ya vipande. Baada ya dakika tano hivi yalisoma nyuzi 13. Barafu iliisha njiani karibu na Vipingo, na nilipofika nyumbani maji yaliyobaki yalikuwa na nyuzi 21.

Jambo moja halikwenda sawa. Chupa ya kuta mbili huchukua mililita 620 tu, ilhali ile ya kawaida yenye umbo kama lake huchukua 750, kwa hiyo nilijikuta na maji pungufu kabla ya Kilifi. Katika mashindano itanilazimu nisikose kituo cha kwanza cha maji, au nibebe chupa ya tatu kati ya mikono kwenye usukani, ambako jua na upepo ni vikali zaidi. Hiyo itabidi niinywe mwanzo, ikiwa maji ya jokofu bila barafu.

Kwa jumla nilikunywa lita mbili na robo kwa saa mbili na dakika hamsini. Mwalimu, nilikumbuka chumvi. Dada wa Kigamboni, nakuomba uniulizie kwa yule jirani deli lake alilinunua wapi, maana langu mfuniko umelegea na nimeanza kulifunga kwa mpira wa baiskeli.